Kiraka cha Neno Moja

Mtaa ule, kompyuta ikifa haipelekwi kwa fundi wa kompyuta. Inapelekwa kwa fundi cherehani.

Mgeni akiambiwa hivyo hudhani anataniwa. Lakini akifika kwenye nyumba yenye mlango wa kijani na kuchungulia chumba cha mbele, hujionea mwenyewe. Upande wa kulia kuna cherehani ya miguu, meza ya kukatia, mkasi mzito na sare za shule zilizotundikwa zikisubiri pindo. Upande wa kushoto kuna rafu tatu za kompyuta kuukuu: moja haina kifuniko, moja haina kibodi, nyingine imebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo ili kioo chake kisianguke. Katikati, juu ya stuli inayozunguka, amekaa mwenye duka, mtu mwembamba wa miaka arobaini na saba, futi ya kupimia shingoni. Anageuka kulia akashona, anageuka kushoto akachapa, na siku hupita hivyo.

Watu humwita Kiraka. Jina lake la kweli wanalijua mkewe na kadi ya kliniki.

Mambo yalianza miaka kumi nyuma, pale karani mmoja wa shule alipokuja kuchukua sketi yake akaacha laptopu mezani. "Fundi, hii imenishinda," alisema. "Inachukua nusu saa kuamka. Ifanye hata kibao cha kukatia." Kiraka akavuka barabara nayo hadi kwa jirani yake, mtengeneza simu anayeitwa Waya, ambaye aliipindua, akaigonga mgongoni kama daktari, kisha akatoa flashi kwenye droo.

"Humu kuna Linux," Waya akamwambia. "Mfumo huu milango yake iko wazi, kila mtu ameruhusiwa kuingia ndani. Ukiona haukukai vizuri, ufumue uuunge upya unavyotaka."

Ufumue! Neno lile lilimwingia Kiraka kama uzi kwenye tundu la sindano. Maisha yake yote alikuwa akifumua. Amefumua makoti ya baba yakawa ya mtoto, amefumua magauni ya harusi yakawa mapazia. Hajaona nguo ambayo mshono wake ni wa mwisho. Hakujua kwamba kompyuta nazo zina mshono.

Tangu siku hiyo hakupona. Kila alasiri, saa nane hadi saa kumi, wateja wanapopungua na jua linapolala juu ya kizingiti, yeye hugeuka kushoto. Huuchukua mfumo wa watu, akapunguza kiuno, akatoa mifuko isiyotumika, akabadili rangi, akaongeza alichokiona kizuri kwenye mfumo mwingine, mpaka ukawa wake. Ana daftari la vipimo ambamo kompyuta zimeandikwa kama wateja: "Ya karani: kumbukumbu ndogo, kiuno chembamba, isivishwe kitu kizito." Akimaliza, huubana mfumo wote ukawa faili moja la kuweka kwenye flashi, na kazi hiyo ya kubana huiita kupiga pasi. Kila toleo hulipa jina la kitambaa. La kwanza liliitwa Gunia, kwa sababu lilikwaruza. Baadaye likaja Marekani, likaja Khaki, likaja Kitani. Mfumo wenyewe, wa matoleo yote, ndio unaoitwa Kiraka, na ndipo mtaa ulipomvika mwenyewe jina hilo.

Ukiuwasha, hulia mlio wa cherehani yake, aliourekodi kwa simu: trrrrr. Ukiuzima, husikika mkasi: kacha! Vitufe vya kwenye kioo amevichora kama vifungo vya shati, kila kimoja na matundu manne.

"Vifungo sita," mkewe alisema alipoviona mara ya kwanza. "Na huyo mtumiaji amehukumiwa kwa kosa gani?"

Mkewe ni mwalimu wa darasa la kwanza, na yeye humwita hivyo hivyo, Mwalimu. Ndiye aliyemwambia kwamba mfumo wa fundi wa mtaani hauna sababu ya kuzungumza lugha ya watu wa mbali. Kiraka akafungua faili la maneno, neno la kigeni upande huu, la Kiswahili upande ule, mstari kwa mstari, kamusi kwenye kiwiko. Ilikuwa mistari elfu moja mia moja na sita. Ilimchukua mwaka na miezi miwili, naye akaona fahari zaidi kwa jambo moja: ufupi. Fundi hapotezi kitambaa. Kifungo ni kidogo, neno nalo liwe dogo. Penye herufi nne, ya nini kumi? Alipoona neno refu alilikata, na alipolikata alifurahi.

Furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, mama mkwe alikuja kukaa. Alikuwa mkunga mstaafu, miaka thelathini na minane kwenye wodi za wazazi, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa, safi sana. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na daktari alitaka awe karibu na hospitali kwa miezi minne. Alikuja na fimbo, na sanduku la bati ambalo watu wawili walilibeba wakihema. Ndani yake, chini ya kanga na shuka, mlikuwa na madaftari ishirini na sita. Kila mtoto aliyempokea alikuwa amemwandika: siku, saa, jina la mama, na mstari mmoja juu ya mtoto mwenyewe. *Alilia kabla hajamaliza kutoka. Alipiga chafya kwanza. Alinishika kidole, akakataa kukiachia.*

Alitaka kuyanakili yote yawe safi, kwa sababu wino ulikuwa umeanza kupauka na jicho la kushoto limeanza kuweka ukungu. "Daktari anasema ni mtoto wa jicho," alimweleza binti yake. "Nimezalisha watoto wengi, Mwalimu, lakini huyu mmoja simtaki."

Sasa, Kiraka na mama mkwe wake walikuwa wameheshimiana miaka kumi na tisa bila kuzungumza. Si kwa ugomvi, la hasha. Kwa heshima tu, iliyozidi kipimo kidogo kama koti la kuazima. Asubuhi Kiraka husimama nje ya pazia la chumba cha mama, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama, mama."

Yakaishia hapo mpaka kesho. "Ninyi wawili," Mwalimu alizoea kusema, "mngekuwa mnapigiana simu, salio lingekaa mwaka."

Lakini moyoni Kiraka alimpenda mwanamke yule. Mwaka wake wa kwanza wa ndoa, duka lilipokuwa cherehani moja chini ya dirisha, ni yeye aliyemletea kazi ya kwanza kubwa, mashuka ya wodi nzima, na hakusema neno, aliacha tu bunda mlangoni na kipande cha karatasi chenye vipimo. Kwa hiyo aliposikia habari ya madaftari, Kiraka aligeuka kushoto na hakugeuka kulia siku tatu. Sare za shule zikangoja.

Alimshonea toleo lake peke yake. Akaondoa kila kitu ambacho mkunga hahitaji. Akaacha ukurasa wa kuandikia na vifungo vinne. Herufi alizifanya kubwa kama za bango la barabarani, nyeusi juu ya rangi ya maziwa, ili jicho lisihangaike. Na kwa kuwa kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu na ilipata joto haraka, aliweka kwamba isipoguswa dakika ishirini, ifunge kazi yenyewe na kutoa ujumbe. Toleo hilo aliliita Hariri, kwa sababu mbili: ni kitambaa kizuri kuliko vyote, na kazi ya mama ilikuwa kuhariri. Alijicheka peke yake dukani kwa utani huo, akamweleza Waya, na Waya akasema hakuna mtu mwingine duniani atakayeucheka.

Yeye na Waya waliiweka kompyuta chumbani mwa mama Jumatatu, alipokuwa kliniki na binti yake. Jioni ile ile Kiraka alisikia kupitia ukutani sauti ya kidole kimoja: to. To. To-to. Ilikuwa kama cherehani inayojifunza kutembea. Alishona akiifuata mwendo. Jumanne Mwalimu akaleta salamu: "Mama anasema herufi zinamtosha." Kwa mtu wa kusema kidogo kama yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, sauti ilikoma.

Alhamisi asubuhi Kiraka alisimama nje ya pazia. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba," lakini lile "umeamkaje" halikufuata. Akabaki pale na "salama" yake mdomoni, haina pa kwenda.

Saa nne Mwalimu aliingia dukani kwa mlango wa ndani. Likizo ya shule ilikuwa imeanza, lakini alisimama mbele ya meza ya kukatia kama anavyosimama darasani kukiwa na aliyemwaga wino.

"Umemwandikia nini mama yangu?"

"Mimi?"

"Usinijibu 'mimi'. Wewe."

"Mwalimu, mimi na mama tangu lini tukaandikiana?"

"Anafunga sanduku. Amempigia kaka simu, aje na gari Jumamosi. Nimemwuliza kuna nini, amekataa. Nimembana mpaka amesema. Anasema wewe ni mstaarabu sana, hukutaka kumtamkia usoni, ukamwandikia. Anakushukuru."

"Ananishukuru kwa lipi?"

"Kwa kumfukuza kwa adabu."

Kiraka aliweka mkasi chini. "Neno lenyewe amelitaja?"

Mwalimu akavuta pumzi, akalisoma hewani kama anayesoma ubaoni: "*Muda wako umekwisha. Toka.*"

Ilikuwa mstari wa mia nane na kumi na mbili. Aliukumbuka vizuri. Kwa lugha ya kigeni ulikuwa sentensi ndefu yenye kuzungukazunguka, kwamba kazi imekaa bila kuguswa, na sasa mtumiaji aondoke kisha aingie upya. Yeye aliukata ukabaki maneno manne, akajipongeza. Sasa akaona picha yote: mama amenakili kurasa mbili, jicho limechoka, ameegemea kiti na kusinzia kidogo. Anaamka. Mbele yake, kwa herufi kubwa kama za bango ambazo mkwewe amezikuza makusudi ili azisome bila miwani, nyumbani kwa mkwe huyo huyo, amekuja kuuguza goti, ana mwezi wa pili: MUDA WAKO UMEKWISHA. TOKA.

Kifua kilimpanda kwa kicheko, na kabla kicheko hakijafika mdomoni kikageuka kitu kingine.

"Unacheka?" Mwalimu alimwuliza.

"Sijui ninachofanya. Nenda umweleze. Ni mashine, ni ujumbe tu, humwambia kila mtu."

Mwalimu alikwenda. Alirudi mapema kuliko inavyofaa.

"Amesemaje?"

"Anasema mashine haikuzaliwa, haina kinywa. Kila neno lililomo kuna mtu aliyelitia. Akaniuliza ni nani aliyelitia." Akakaa juu ya rundo la sare. "Nilitaka kumdanganya. Nimeshindwa. Mama akikutazama, hata mimba ya siku tatu unaitaja."

Waya, aliyekuwa amekuja kuazima bisibisi na kukuta mambo yameiva, alijitolea dawa. "Mwambieni ni kirusi. Kirusi kimeingia, kimeandika upuuzi. Kila mtu huamini kirusi."

"Kirusi ni mimi," alisema Kiraka.

Na kweli hakuwa na pa kujifichia. Kama ungekuwa mfumo wa kiwandani, angesema ni wao. Lakini kila uzi wa ule wa kwake alikuwa ameupitisha kwa mkono. Goti la mama lilikuwa halijakunjika hata nusu, barabara ya kwenda kwa shemeji ni ya siku nzima, na huko aendako hakuna wa kumpeleka kliniki. Madaftari ishirini na matano yalikuwa hayajaguswa. Na akiondoka hivyo, na heshima yake yote, hatarudi. Watu wa aina yake hawagombi. Hawarudi tu.

Kiraka alifunga mlango wa kijani mchana kweupe, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona, akafungua faili la maneno.

Hakuurekebisha ule mstari mmoja. Alianza na wa kwanza. Aliweka kiti kitupu mbele yake, akasema kila mstari kwa sauti, kama anayemwambia mama mkwe aliyekikalia. Mstari aliokuwa na uso wa kuutamka mbele ya kiti kile aliuacha. Uliomshinda aliufumua.

Masikini! Hakujua ameshona nguo kali namna ile. "Umekataliwa," alikiambia kiti, akaona haya. "Huna haki hapa." "Kosa ni lako." "Wewe si mwenyeji." "Umekosea tena." Kwenye mstari wa mia nne na tatu alisimama kabisa. Ni pale ambapo kazi moja kubwa kwenye kompyuta imeanzisha kazi ndogo, wajuzi huziita mzazi na mtoto, kisha kubwa ikakwama na ndogo ikabaki inazunguka, na mashine inauliza kama ndogo isimamishwe. Yeye alikuwa ameandika: "Mzazi hajibu. Ua mtoto?"

"Mungu wangu," Kiraka alikiambia kiti. "Naomba usiwe umeuona huu."

Neno "toka" alilikuta mara arobaini na moja. Alilifuta mahali pote. Alilichukia hata umbo. Badala yake akaandika maneno ya adabu, marefu, yenye tafadhali na samahani na ukipenda, na mkono wake wa ufundi ukiuma kila alipoongeza herufi. Watu waligonga mlango Ijumaa yote. "Fundi, suruali yangu!" "Fundi, uko hai?" Mwalimu akawajibu dirishani kwamba fundi yuko hai, ila anajifunza kusalimia.

Jumamosi saa tatu asubuhi faili lilikuwa linapigwa pasi. Sehemu themanini na mbili kwa mia. Nje, honi ikalia mara mbili.

Shemeji, kaka yake Mwalimu, ni dereva wa gari la mizigo na huongea kana kwamba injini bado inanguruma. "Shemeji!" alipaza sauti akiingia dukani. "Mmemfanya nini mama? Ameniambia njoo, akakata simu!"

"Kaa unywe chai, shemeji."

"Chai nitakunywa, lakini nimeacha gari juani!"

Tisini na moja. Tisini na tano. Chumbani mama alikuwa amevaa, amekaa kitandani wima, sanduku la bati limefungwa, fimbo mapajani. Mwalimu alimpigia magoti. "Mama, daftari la kwanza umeliacha ukurasa mmoja. Mmoja tu. Huwezi kumwacha mtoto nusu ndani nusu nje."

Hilo lilimpata mkunga. Akafikiri. "Ukurasa mmoja," akasema. "Kisha tunakwenda."

Kiraka alibisha hodi akiwa na flashi mkononi, akaingia bila kuinua macho, akaichomeka, akaiwasha kompyuta. Trrrrr, ikalia cherehani. Akarudi nyuma haraka, akasimama upande wa pili wa pazia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisikiliza mlangoni kwa mtu.

To. To-to. To. Ukurasa ulichukua muda mrefu. Dukani shemeji alimaliza chai, akaomba nyingine. Kisha kidole kikanyamaza, na sauti ya mama ikasema:

"Baba."

"Naam, mama."

"'Tafadhali ukip' ndiyo nini?"

Kiraka alijipiga paji la uso. Kifungo! Alikuwa ameandika *Tafadhali ukipenda unaweza kupumzika sasa* juu ya kifungo kilichokatwa kwa ajili ya herufi nne. Fundi aliyeshona miaka ishirini na tano amesahau kupima.

"Ni adabu, mama," alisema kupitia pazia. "Imezidi kifungo."

"Na hapa chini, 'Samahani sana ms'?"

"'Samahani sana mstahiki mama.'"

"Na hii, 'Kwa heshima na taadh'?"

"Nayo imezidi, mama."

Kilichofuata hakukitegemea. Ilianza kama kikohozi, ikawa kitu kikubwa kinachotikisa kitanda cha chuma. Mama mkwe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka shemeji akaja na kikombe chake kusimama kwenye korido, Mwalimu akatokea jikoni na mwiko mkononi, na hakuna aliyejua afanye nini na uso wake.

"Ile ya kwanza ilinifukuza," mama akasema alipopata pumzi. "Hii inanibembeleza mpaka imekabwa. Kwani hakuna katikati?"

"Nilikosea, mama. Si mashine, ni mimi. Ninapenda maneno mafupi. Sikupima linamkaaje atakayelivaa."

"Najua ni wewe. Jumanne uliniuliza niue mtoto."

Kiraka akafumba macho.

"Nikabonyeza hapana. Ukauliza tena. Nikabonyeza hapana mara sita, mashine ikaganda. Nikajiambia, labda baba ananipima kama bado ninajua kazi." Kitanda kikalia, alikuwa anajisogeza. "Sikiliza. Hilo neno lako, *toka*, umelitupa lote?"

"Lote, mama. Arobaini na moja."

"Umekosea tena. Neno halina ubaya. Unajua mimi nimelisema mara ngapi? Kila mtoto aliyemo kwenye madaftari haya nilimwambia hilo hilo. *Toka, mwanangu. Toka, tukuone. Toka, watu wanakusubiri.* Miaka thelathini na minane kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu watoke. Ila mikono yangu ilikuwa imeshatandazwa chini yao. Wewe ulisema toka, ukaacha patupu."

Shemeji aliinamia kikombe chake kama kuna kitu kimezama humo.

"Baba."

"Naam, mama."

"Toka huko nyuma ya pazia."

Miaka kumi na tisa. Kiraka alilisogeza pazia akatoka, yaani akaingia, na hapo akakwama, kwa sababu chumba kilikuwa na kiti kimoja na mama alikuwa amehamia juu yake. Mama akaonyesha kwa fimbo. Akakaa juu ya sanduku la bati.

"Ufungue hilo faili," mama akasema. "Tuanze na mtoto. Mzazi amechoka, hajibu, mtoto amebaki njiani. Mkunga anasema nini hapo? Haulizi *niue*. Andika: *Mtoto amekwama. Tumsaidie kutoka?*"

Kiraka aliandika. Akahesabu herufi kwa mazoea, akaona zinaenea, akainua macho akamwona kwa mara ya kwanza vizuri: uso mpana, ukungu mwembamba kwenye jicho la kushoto, na tabasamu la mtu aliyezoea kupokea vitu vyenye kuteleza bila kuviangusha.

"Na ule wangu? Wa muda kwisha?" mama akauliza.

"Niliandika: *Umechoka, mama, pumzika.*"

"Nani amekwambia nimechoka?"

"Basi tuseme nini?"

Mama akafikiri, kidole kikigongagonga meza, to, to. "*Toka salama. Ukirudi utanikuta.*"

Kiraka akaliandika. Lilikuwa fupi. Halikuwa na herufi ya kukata.

"Sasa soma unaofuata," mama akasema.

"Iko mingi, mama. Elfu moja mia moja na sita."

"Goti langu linahitaji miezi miwili. Soma."

Shemeji alichungulia, akaangalia saa, akakohoa kwa adabu ya dereva. "Mama, gari liko juani. Shemeji, inuka kidogo nichukue sanduku."

"Mwache," mama akasema bila kugeuka. "Huoni amelikalia?"

"Sasa mimi nimekuja kubeba nini?"

"Beba salamu. Wasalimie wote huko, waambie mguu unaendelea." Akamgeukia mkwewe. "Enhe. Mstari wa tatu. Sema kama unavyoniambia mimi."

Kiraka akasafisha koo, akamtazama usoni, akasoma.